Video za mazoezi ya moyo za kufanyia nyumbani: shajara ya mradi wetu Mbeya

Aprili, mwanzoni

Kazi yenyewe kwa ufupi. Wagonjwa wa kliniki ya moyo walioruhusiwa na daktari kufanya mazoezi wanakuja kwetu idara ya fiziotherapia mara moja kwa wiki, tena wakibahatika. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mgonjwa wa moyo naye anasogezwa huko polepole, kila mtu kwa kiasi chake. Kwa siku moja ya hospitali hatufiki popote. Anayetoka Mbalizi au Igawilo ana nauli ya kulipa kwenda na kurudi. Anayetoka Chunya au Ileje ndiyo usiseme, hatumwoni mpaka tarehe ya dawa. Kwa hiyo tunarekodi video fupi za kufanyia nyumbani, ziwe nyongeza ya siku ya hospitali. Nasema nyongeza makusudi: hapewi video mtu ambaye hajapimwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), hajaonwa na daktari, na hajafanya mazoezi hayohayo mbele yetu tukimwangalia.

Tumeanza kwa kutazama zilizopo mtandaoni. Nyingi ni za Uingereza na Marekani. Mzee mwenye raba nyeupe yuko juu ya mashine ya kutembelea, amepona shambulio la moyo, sebule ina zulia. Foleni yetu haifanani naye. Utafiti wa TaHeF uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa 2014 ulikuta wastani wa umri wa wagonjwa ambao moyo umeshindwa kufanya kazi vizuri ni miaka 55, na chanzo kinachoongoza ni shinikizo la damu. Ndio hao tulionao: akina mama wa hamsini na kitu wenye presha ya siku nyingi na moyo uliotanuka, vijana ambao valvu (milango ya damu ndani ya moyo) ziliharibika tangu utotoni kwa matonsesi yasiyotibiwa, mabinti walioanza kuvimba miguu baada ya kujifungua, na wachache waliofanyiwa upasuaji Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wakarudi na mshono katikati ya kifua.

Aprili, katikati

Kiti kimetumaliza nusu siku.

Zoezi la kukaa na kusimama ndilo lenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Linajenga mapaja, na mgonjwa akipata mapaja anaweza kwenda chooni mwenyewe usiku bila kumwamsha mtu. Lakini asimamie kutoka wapi? Kiti cha plastiki kwenye sakafu ya sementi kinateleza anapojisukuma, na kwenye sakafu ya udongo mguu mmoja unazama. Kochi la sebuleni liko chini na linameza, ukitaka kuinuka unabana pumzi, na kubana pumzi ndicho tusichokitaka kabisa maana presha inaruka ghafla. Kigoda tumekikataa bila mjadala. Tumeishia kwenye kiti cha mbao cha kulia chakula, mgongo wa kiti ukutani, mgonjwa anatoa pumzi kwa mdomo wakati anainuka, anavuta wakati anakaa.

Halafu kuna kitenge. Mama akivaa kirefu anakikanyaga anapoinuka. Anayeonyesha mazoezi kwenye video ni muuguzi mwenzetu wa wodi ya wanaume, mama wa mwili hasa, na tulimtaka kwa sababu hiyohiyo. Kabla ya kukaa anaonekana akikipandisha kitenge juu ya vifundo na kukifunga upya kiunoni. Kipande hicho ni cha sekunde chache tu. Wanawake tuliowaonyesha wamekitaja kabla ya zoezi lenyewe.

Mei

Simu za kwanza za ufuatiliaji. Sista anapiga, mimi naandika. Majibu yanafanana: video imefika, imeonekana, imesifiwa, haijafanyiwa kazi.

Maelezo tuliyapata kliniki, kwa mama mmoja wa Isyesye aliyekuja na mwanawe wa kiume. Simu janja ni ya kijana, mama ana kitochi.

"Shikamoo mama. Mazoezi yanakwendaje?"

"Marahaba mwanangu. Muulize huyu."

Kijana akakuna kichwa. "Dokta, mama anaumwa moyo. Mimi nimsimamishe na kumkalisha mara kumi, akianguka je? Baba zangu wadogo watasema nimemuua mimi."

Hapo ndipo mradi ulipo. Mgonjwa wa moyo nyumbani kwetu anapendwa kwa kukalishwa. Maji anachotewa, ufagio ananyang'anywa, akisimama mlangoni anaulizwa anakwenda wapi. Wakwe wakija kumwona anatandikiwa mkeka alale, hata kama hana usingizi. Mapaja yanakwisha, pumzi inazidi kuwa fupi, na kila mtu anaona ugonjwa umekua. Kumbe kilichokua ni kukaa.

Nisiwaseme vibaya, maana sisi wa hospitali ndio tuliowafundisha. Mpaka katikati ya karne iliyopita mgonjwa wa shambulio la moyo alilazwa kitandani kwa wiki kadhaa, hageuki bila kusaidiwa. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston waliandika kuhusu kuwakalisha wagonjwa kwenye kiti mapema badala ya kuwalaza, na wakati ule hilo lilionekana kama kucheza na maisha ya watu. Mwaka uliofuata Jeremy Morris alichapisha habari za mabasi ya ghorofa ya London: makondakta waliopanda na kushuka ngazi kutwa walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa. Kwa wale ambao moyo umechoka, ilibidi kungoja zaidi. Utafiti mkubwa wa HF-ACTION, wenye washiriki 2,331, ulitoa majibu 2009 kwamba mazoezi ya kupangwa ni salama kwao. Kwa hiyo hofu ya kijana wa Isyesye ni agizo la daktari wa zamani, halijafutwa tu.

Nilitaka makonda wa London waingie kwenye video. Sista akasema bibi wa Igawilo ana shida zake, hana haja na London. Tukawaacha nje.

Mei, mwishoni

Tumerekodi video ambayo haimo kwenye mpango wa awali, na sasa ndiyo inayotangulia nyingine zote. Haina zoezi hata moja. Ni ya wanaokaa na mgonjwa.

Anayezungumza ni mume wa mgonjwa wetu mmoja, fundi seremala, kwa ridhaa yake na ya mkewe, uso hauonekani, mikono tu ikipiga randa. Anasema alivyomzuia mkewe kufanya chochote na jinsi mkewe alivyofika mahali pa kushindwa kujifunga kilemba bila kupumzika. Halafu anatoa kazi kwa msikilizaji. Shika simu. Hesabu kwa sauti. Msemeshe mgonjwa anapofanya. Ukiona moja kati ya haya, msimamishe na mkalishe: kifua kinabana au kinauma, kizunguzungu, jasho la baridi, moyo unakwenda mbio bila mpangilio, au hawezi kumaliza sentensi. Maumivu ya kifua yakiendelea baada ya kukaa, ni hospitali, saa hiyohiyo.

Nilihofia orodha ile itawatisha zaidi. Imekuwa kinyume. Mtu aliyekuwa mlinzi wa kuzuia amepewa ulinzi wa kusimamia, na cheo hakijapungua. Kijana wa Isyesye sasa anahesabu mpaka kumi kwa sauti ya mwalimu wa gwaride, majirani wanajua mama yupo kwenye mazoezi.

Juni

Baridi imeingia. Asubuhi ukungu umefunika mlima Loleza, na pale stendi ya Kabwe watu wamejifunga mablanketi. Baridi inabana mishipa ya damu, presha inapanda, moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo kutembea ni saa nne asubuhi jua likishatoka, shingo na kifua vikiwa vimefunikwa. Ratiba hii imetatua jambo la pili ambalo hakuna video ya Ulaya iliyoligusa: dawa ya maji. Mgonjwa akimeza furosemaidi saa moja, mkojo unamkimbiza kuanzia saa mbili, na choo kiko nyuma ya nyumba. Ukimwambia atembee saa mbili na nusu hatatoka, na ana haki. Saa nne mambo yametulia.

Mwinuko nao. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na pwani. Waliokaa Dar es Salaam wiki nyingi kwa upasuaji wakirudi huku wanahema zaidi siku za mwanzo na kudhani upasuaji umeharibika. Tunawaambia wiki ya kwanza watembee nusu ya walichokuwa wakitembea kule, halafu waongeze.

Na milima. Kwa anayekaa Itiji au Mwansekwa, agizo la kutembea sehemu tambarare ni kumwambia ahame. Kanuni tuliyoiweka kwenye video: usianze kwa kuteremka. Ukiteremka ukiwa na nguvu, utapanda ukiwa umechoka, na nyumbani ni huko juu. Jipashe mwili uani kwanza kwa dakika kumi, kisha panda taratibu, geuka mapema, rudi kwa mteremko. Nyumba ikiwa juu kabisa, tembea kwa kukata ubavu wa mlima, au zunguka uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Mwisho wa matembezi usisimame ghafla ukaegemea ukuta. Endelea kupiga hatua ndogondogo dakika kadhaa, la sivyo damu inabaki miguuni na kichwa kinazunguka.

Kipimo cha kasi kilichukua mazungumzo marefu. Hospitali tunatumia kipimo cha Gunnar Borg, yule mwanasaikolojia wa Sweden, ambacho mgonjwa mwenyewe anataja anavyojisikia kuchoka kwa namba, 6 hadi 20, na wengi wao tunataka wawe kati ya 11 na 13. Nyumbani karatasi ile inageuka ya kuwashia jiko. Kuhesabu mapigo ya moyo hakufai kwa wengi, maana wanatumia karvedilolo au bisoprololo, dawa zinazozuia mapigo yasipande hata mtu akichoka. Kilichobaki ni kuongea, na hapa Nyanda za Juu tuna bahati, salamu zetu ni ndefu. Video inasema hivi: ukikutana na jirani msalimie salamu kamili, za asubuhi, za nyumbani, watoto, ng'ombe, viazi shambani. Ukizimaliza zote bila kukata pumzi, mwendo ni huohuo. Ukiweza kuimba pambio mpaka mwisho, ongeza mwendo kidogo. Ukiishia kwenye "salama" ukainamia magoti, pumzika.

Mzee mmoja wa Rungwe aliniambia kwa Kinyakyusa salamu hazina mwisho, kwa hiyo atapumzika mapema kuliko wenzake. Tukacheka, ila nimemwandikia arekodiwe toleo la lugha yake. Akajibu, "Ndaga fijo," yaani asante sana.

Julai

Mambo ya faili, kwa watakaotaka kufanya hivi kwao.

Kila video ni dakika 4 au chini. Ubora wa 360, picha kilobiti 400 kwa sekunde, sauti kilobiti 64, inakuja kama MB 14. Inapita WhatsApp bila kukatwakatwa na haimalizi bando la mtu. Kwa wasio na intaneti tunaweka kwenye kadi ya kumbukumbu pale pale dirishani. Vitochi vingine vinacheza faili ndogo za 3GP. Picha inakuwa na ukubwa wa stempu, huoni goti wala kiwiko.

Ndiyo maana nimeacha kuhangaikia picha. Tuliwatazama wagonjwa wakifanya mazoezi kwa video mbele yetu. Wanaiangalia mara ya kwanza. Baada ya hapo simu inaegemezwa kwenye chupa ya chai, mtu anageukia ukuta na kufuata sauti. Kwa hiyo sasa sauti ndiyo inayofundisha: "tazama mbele, visigino chini, toa pumzi, inuka, moja." Muda wa kukaa kimya kati ya hesabu ni mrefu kuliko unavyopendeza sikio. Mhariri wetu kijana alikuwa anaukata kila mara, akisema video inaboa. Ndiyo, iboe. Mgonjwa akifuata kasi ya kijana wa miaka 23 tutakutana naye mapokezi ya dharura.

Kero: video ya kupasha mwili imesambazwa kwenye makundi ya WhatsApp na kurudi kwetu ikiwa na muziki na tangazo la dawa ya miti ya "kusafisha mishipa". Kuizuia haiwezekani. Tumeongeza sauti mwanzoni na katikati ya kila video: zoezi hili ni la mgonjwa aliyepimwa na kuruhusiwa, kama hujapimwa nenda kituo cha afya kwanza. Katikati ni muhimu, maana mwanzo ndio wanaoukata. Kuna watu ambao zoezi dogo tu linaweza kuwadhuru, hasa wenye valvu ya aota (mshipa mkuu unaotoka moyoni) iliyobana sana au kifua kinachouma hata wakiwa wamekaa.

Agosti

Wiki ya Nane Nane kliniki ilikuwa tupu. Nusu ya jiji ilikuwa viwanja vya John Mwakangale.

Waliofika wiki iliyofuata tuliwauliza walitembeaje kule uwanjani. Tumepata habari nzuri zaidi kuliko kwenye fomu zetu: nani alizunguka mabanda yote, nani alikaa kwenye banda la kuku akisingizia kupenda kuku.

Septemba

Video ya uzito na miguu imekamilika. Agizo ni kwamba uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, au ukihitaji mto wa ziada ili uweze kulala, siku hiyo hakuna mazoezi, piga simu au njoo. Hayo ni maji, siyo kunenepa. Tatizo ni mizani. Wachache wanayo. Wengine wanapimwa kwa vijana wa mizani barabarani, na mgonjwa mmoja wa Uyole anapanda mzani wa duka la mahindi kila asubuhi kabla magunia hayajaanza kuingia, mwenye duka ameshazoea. Kwa wasio na chochote tumeonyesha kidole gumba kikibonyeza mguu juu ya kifundo kwa muda, kisha kinaondolewa na shimo linabaki. Kipande hicho tulikipiga karibu kabisa, taa ya pembeni, mpaka kivuli cha shimo kionekane. Hapo picha imelipa kuliko sauti.

Waliopasuliwa kifua wana video yao, na ina makatazo mengi kuliko mazoezi. Mfupa wa kifua umeunganishwa kwa waya na unahitaji muda kushikana, kwa hiyo wiki 12 za mwanzo hakuna ndoo kichwani, hakuna jembe, hakuna mtoto mgongoni, hakuna kujivuta kwa mikono kuinuka kitandani. Unageuka ubavu, unashusha miguu, ndipo unainuka. Ukitaka kukohoa kumbatia mto. Miguu inaruhusiwa kutembea. Binti mmoja aliuliza mtoto wake atabebwa na nani. Swali hilo halijibiwi na video. Sista alimpigia mama mkwe.

Na simu za Sista ndizo ninazozitetea kwenye kila kikao. Tathmini za Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, zilizolinganisha utengamao wa nyumbani na wa kituoni zimekuta matokeo yanayokaribiana, lakini katika programu nyingi za nyumbani kuna mtu anayempigia au kumtembelea mgonjwa. Kuna anayetaka tupunguze simu kwa kuwa "video zipo". Bajeti ya vocha kwa mwezi ni ndogo kuliko ya chai ya vikao. Nimeandika hivyo kwenye taarifa, kwa maneno ya adabu zaidi.

Oktoba

Tumeanza kurudia jaribio la kutembea dakika 6 kwenye ukumbi wa wodi, mita 30 zilizopimwa kwa futi kamba, viti viwili kuonyesha pa kugeukia. Wengi wanatembea mbali zaidi kuliko walivyoanza. Siwezi kusema ni video. Dawa nazo zimepangwa vizuri zaidi katika miezi hiyo, na hatuna kundi la kulinganisha. Ninachokiona kwa macho ni kwamba wanaokuja na ndugu yuleyule anayehesabu nyumbani wanageuka kwenye kiti bila kusita, na wanaokuja peke yao wanatuangalia sisi kwanza. Mama wa Isyesye amekuja bila kijana wake kwa mara ya kwanza, kwa daladala, akasimama sehemu ya njia kwa sababu viti vilijaa. Alitusimulia hilo kabla hatujamuuliza presha.

Mvua zinaanza mwezi ujao na zitakwenda mpaka Aprili. Barabara za udongo Iganzo na Itezi zitateleza, video ya kutembea haitatumika sana. Tunarekodi ya ndani: kupiga hatua mahali pamoja, na kupanda na kushuka ngazi moja ya kibaraza huku mkono umeshika nguzo. Kibaraza tumekipata Iwambi, ngazi yake ni ya urefu unaofaa na nguzo haitikisiki. Mwenye nyumba anataka tumalize kabla ya saa saba. Bati lake halina dari, mvua ikianza hakuna sauti itakayosikika, na Jumamosi mawingu yanatabiriwa mchana. Kwa hiyo tunaanza saa tatu, sauti kwanza, picha baadaye.